Majibu ya nyama kwanza, mionzi baadaye

"Si ni saratani ya pua tu? Mpeni mionzi." Ndugu wa mgonjwa aliyevuka kutoka Ukerewe huku pua ikitoka damu akisema hivyo, namwelewa. Lakini barua ya rufaa iliyoandikwa na mwenzetu wa taaluma, "saratani ya pua, aanzishiwe mionzi", bila kutaja aina iliyosomwa maabara kutoka kipande cha nyama ya uvimbe, hiyo sina uvumilivu nayo tena.

Skwamasi, saratani ya seli za utando wa juu, ndiyo tunayoiona zaidi. Ikikatika, ikatwe, kisha mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi) kwa mara 30, ianze ndani ya wiki sita baada ya kisu. Kingo za ulipokatwa zikibaki na seli za saratani, 66. Isiyokatika, 70 pamoja na dawa ya kemo, sisplatini. Adenokasinoma, saratani ya seli za tezi, ile inayohusishwa na vumbi la mbao (mafundi seremala, vaeni barakoa), inaenda karibu njia hiyohiyo. Limfoma, saratani ya seli za kinga, haikatwi. Ile ya seli za kinga ziitwazo NK/T inataka grei 50 hivi na dawa zenye asparajinasi. Na mtoto wa Kanda ya Ziwa aliyevimba taya au shavu, mfikirie Burkitt, limfoma inayokua kwa kasi, mapema: huyo ni wa kemo, tena haraka, si wa foleni ya mionzi.

Halafu kuna hili la kupima mafanikio kwa kasi ya uvimbe kuyeyuka. Limfoma inaweza kunywea ndani ya siku chache, watu wakashangilia, kisha ikarudi. Adenoidi sistiki, saratani ya tezi ndogo za mate, inasinyaa kwa kujivuta. Miezi mitatu baada ya mionzi picha ya CT bado inaonyesha kinundu, na mtu anaandika "mionzi imeshindwa". Haijashindwa! Kinundu kisichokua kinaweza kuwa kovu. Linganisha picha na picha. Aina hii hutambaa ndani ya neva, kutoka shavuni hadi kwenye tundu lake chini ya fuvu, na inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Ukichora eneo la mionzi kuzunguka uvimbe unaoonekana tu, umeiachia njia. Uifuate neva mpaka wapi? Wataalamu hawakubaliani. Mimi hufika chini ya fuvu neva ikiwa imeshikwa, kisha nahangaika na macho, maana neva ya kuonea isivuke grei 54, na mara nyingi uvimbe umeiegemea.

Melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi, ndiyo inayonitia mashaka. Mionzi baada ya upasuaji inasaidia isirudi palepale puani, lakini haijathibitika kurefusha maisha, kwa sababu saratani hii huua kwa kusambaa mbali. Kumweka mvuvi Mwanza wiki kadhaa kwa faida hiyo? Wakati mwingine nasita, na namweleza hivyo.

Vyote hivyo vinasimama juu ya kipande cha nyama. Limfoma, melanoma isiyo na rangi, nyuroblastoma ya neva ya kunusa na rabdomayosakoma (saratani ya misuli) zote zinaweza kuonekana kama seli ndogo za duara za buluu zikipakwa rangi ya kawaida ya maabara. Bila imunohistokemia, yaani kupima protini za seli kwa kingamwili, mwanapatholojia anakisia. Kwa hiyo usinyofoe ule utando mweusi uliooza juu. Ingia kwenye nyama hai, toa vipande kadhaa, usivibane na koleo vikapondeka. Tia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama, si maji ya chumvi wala spiriti. Kwenye fomu andika umri, upande, umekata wapi hasa, na kama mgonjwa ameshaanza steroidi, kwa sababu steroidi zinaweza kuifuta limfoma kabla haijasomwa.