Maswali na majibu: kumpikia paka mwenye ugonjwa wa figo chakula chenye fosforasi kidogo

Paka akizeeka, figo ni miongoni mwa viungo vinavyochoka mapema. Mwenye paka huambiwa na daktari wa mifugo, "Mpunguzie fosforasi," kisha anarudi nyumbani akijiuliza: nimpikie nini sasa? Majibu haya ni kwa ajili yake. Jambo moja nitalirudia tena na tena, kwa sababu nimeona linapuuzwa: chakula kilichopikwa kwa mapenzi lakini bila hesabu kinaweza kumletea paka ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwa nini fosforasi ndiyo inayosumbua?

Fosforasi ni madini yaliyomo karibu katika kila chakula chenye protini, na inayozidi mahitaji ya mwili hutolewa na figo kupitia mkojo. Figo zikidhoofika, inabaki kwenye damu. Mwili hujitetea kwa kuongeza homoni, mojawapo ikitoka kwenye tezi ndogo zilizoko shingoni, na homoni hiyo huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kalsiamu na fosforasi zikizidi pamoja kwenye damu, hujijenga kama chokaa ndani ya tishu laini, figo zenyewe zikiwemo. Figo zinaharibika zaidi, fosforasi inapanda zaidi.

Lishe inaukata mzunguko huo, na ushahidi upo. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000, nusu ya paka waliokula chakula maalumu cha figo waliishi zaidi ya siku 633 baada ya kugunduliwa, wakati kwa waliobaki na chakula cha kawaida kiwango hicho kilikuwa siku 264. Ni kweli kwamba paka hao hawakugawanywa kwa kura, hivyo tofauti yote haiwezi kuwa ya chakula peke yake. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwagawa paka 45 kwa kura na kuwafuatilia hadi miaka miwili: waliokula chakula cha figo hakuna aliyezidiwa na sumu za mkojo kwenye damu, na kwa wale wengine karibu robo walizidiwa.

Kiwango cha fosforasi kwenye damu kinatakiwa kiwe kipi?

Inategemea hatua ya ugonjwa. IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, inaugawa ugonjwa huu katika hatua nne. Hatua ya pili lengo ni kati ya 0.9 na 1.5 mmol/L (2.7 hadi 4.6 mg/dL), hatua ya tatu isizidi 1.6 (5.0 mg/dL), na ya nne isizidi 1.9 (6.0 mg/dL). Omba karatasi ya majibu ya maabara uitunze. Paka ambaye fosforasi yake bado iko chini hahitaji kubanwa sana; wapo ambao wakibanwa mapema mno kalsiamu ya damu hupanda, na hilo nalo huumiza figo. Ndiyo maana hupaswi kuanza lishe hii kwa kukisia.

Nyama ipi ina fosforasi kidogo?

Wengi hulinganisha vyakula gramu kwa gramu. Paka hali gramu, anakula mpaka mahitaji yake ya nguvu yatimie, kwa hiyo fosforasi ipimwe kwa kila kalori 100. Vyakula vya figo vya dukani huwa na takriban miligramu 80 hadi 130 kwa kalori 100, ilhali vyakula vya kawaida vya paka mara nyingi huvuka 200.

Sasa tazama kuku. Kidari kilichopikwa bila ngozi kina miligramu 230 hivi za fosforasi katika gramu 100, na gramu hizo zinatoa kalori 165. Hiyo ni karibu miligramu 140 kwa kalori 100. Paja lenye ngozi lina miligramu 175 na kalori karibu 250, yaani miligramu 70 tu kwa kalori 100. Kuku ni yuleyule, lakini fosforasi imeshuka kwa nusu, kwa sababu mafuta yanaleta kalori bila kuleta fosforasi. Watu wamezoea kuona nyama isiyo na mafuta ndiyo nyama ya mgonjwa. Kwa paka wa figo ni kinyume, ila kwa paka mwenye kongosho bovu au anayeharisha akila mafuta, daktari lazima aulizwe kwanza.

Ute wa yai ndio hazina kubwa zaidi: protini safi, na fosforasi miligramu 15 tu kwa gramu 100. Kiini chake ni hadithi nyingine, karibu miligramu 390. Ute upikwe uive, kwa kuwa ute mbichi una kitu kinachozuia mwili kupata vitamini ya biotini. Maini, samaki wanaoliwa na mifupa yao, na mifupa yenyewe vina fosforasi nyingi sana. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa hufika miligramu 490 kwa gramu 100.

Basi nikimpa ute wa yai, paja la kuku na wali kidogo, si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Fosforasi itakuwa imeshuka kweli, lakini sahani hiyo haina kalsiamu ya maana, na ina upungufu wa vitamini A, D na E, vitamini kadhaa za kundi B, shaba, zinki, iodini, na pengine taurini.

Taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, nataka uikumbuke. Mwili wa paka hauwezi kuitengeneza ya kutosha, na wali hauna hata chembe. Paka akiikosa kwa miezi, kiwambo cha jicho kinachopokea mwanga huharibika na misuli ya moyo hulegea na kupanuka. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba ugonjwa huo wa moyo uliokuwa ukiua paka wengi ulitokana na upungufu wa taurini, na kwamba ukiwahiwa hurudi nyuma paka akiongezewa. Vilevile paka hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama sisi tunavyofanya, kwa hiyo mboga hazitaziba pengo hilo.

Nimesikia maganda ya mayai ni kalsiamu nzuri. Nitie kiasi gani?

Ni kalsiamu nzuri, karibu yote ni kalsiamu kaboneti, na haina fosforasi kubwa kama unga wa mifupa. Unga wa mifupa usiuguse kabisa. Unarudisha fosforasi ileile unayoikimbia. Nyama bila mifupa ina kalsiamu kidogo mno, fosforasi mara 15 au zaidi ya kalsiamu, na uwiano huo usiporekebishwa mwili utakula mifupa yake.

Hatari iko kwenye kijiko. Paka wa kilo nne anakula takriban kalori 200 kwa siku, na anachohitaji kuongezewa ni miligramu mia kadhaa tu za kalsiamu. Nusu gramu ya kalsiamu kaboneti tayari ina miligramu 200. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha unga wa maganda kinabeba karibu gramu tano, yaani miligramu 2,000 hivi. Mkono ukiteleza kidogo umemzidishia mara kadhaa, siku baada ya siku, na kalsiamu ikizidi kwenye damu huharibu figo zilezile. Kwa hiyo usipime kwa kijiko. Tafuta mzani mdogo unaosoma sehemu za mia za gramu, pika chakula cha siku nyingi kwa pamoja, saga unga uwe laini kama poda, uchanganye hadi usione weupe wake mahali popote, kisha gawa na ugandishe kila sehemu. Kiasi chenyewe kitoke kwa mtaalamu aliyepiga hesabu ya chakula chote.

Nikichemsha nyama na kumwaga maji, fosforasi haitapungua?

Itapungua kiasi. Lakini maji hayo huondoka pia na taurini, potasiamu na vitamini B, na paka wa figo tayari hupoteza potasiamu na vitamini hizo kwenye mkojo wake mwingi. Ukichagua njia hii, mwambie anayekupangia lishe ili afidie. Usichemshe leo na kukaanga kesho huku virutubisho vya nyongeza ni vilevile.

Je, mapishi ya mtandaoni?

Watafiti wa Marekani walipima mapishi 67 ya nyumbani yaliyotungwa kwa ajili ya mbwa na paka wenye ugonjwa wa figo, yakiwemo ya vitabuni, na kuchapisha majibu mwaka 2012. Hakuna hata moja lililotimiza virutubisho vyote vinavyotakiwa. Ndiyo sababu hapa sikupi pishi la kunakili. Mtafute daktari wa mifugo mwenye utaalamu wa lishe. Wengi hufanya kazi kwa mbali kupitia daktari wako, wakitumia uzito wa paka na vipimo vyake. Ukishapewa pishi, lifuate kama dawa. Kubadilisha paja kwa kidari, au mafuta ya samaki kwa mafuta ya ini la chewa, ni kubadilisha lishe nzima. Mafuta ya ini la chewa yana vitamini A na D nyingi ambazo mafuta ya kawaida ya samaki hayana.

Kwa hiyo chakula cha dukani cha figo ni bora?

Kwa paka anayekikubali, ndiyo, nakipendekeza kwanza, hasa kile cha majimaji. Chakula cha nyumbani ni cha paka anayekataa vyote, au mwenye ugonjwa mwingine unaogongana na vya dukani. Ukichanganya na vyakula vingine vya dukani, soma lebo: neno lolote lenye "fosfati" lina maana ya fosforasi iliyoongezwa kiwandani, na hiyo hufyonzwa kwa urahisi kuliko ile iliyomo kwenye nyama yenyewe.

Paka wangu amekataa chakula kipya. Nimwache na njaa mpaka akubali?

Usithubutu. Paka asipokula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hujazana kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo kabla ya figo. Anza na kijiko kimoja ndani ya chakula alichozoea na uongeze kwa wiki kadhaa, hata mwezi. Kipashe joto kifikie la mwili wake ili harufu itoke. Na usimjaribishe siku anayotapika au kulamba midomo kwa kichefuchefu, kwani atahusisha chakula hicho na ugonjwa na hatakigusa tena. Atibiwe kichefuchefu kwanza. Chakula cha kawaida anachokula ni afadhali kuliko cha figo kinachobaki sahanini.

Vipi nyama nyekundu, nyama zilizosindikwa na vitunguu?

Nyama nyekundu haina kosa lake, hesabu ni ileile. Nyama zilizosindikwa acha. Vitunguu vya aina yoyote, hata vya unga au vilivyopikwa ndani ya supu, huvunja chembe nyekundu za damu yake, naye mara nyingi tayari ana upungufu wa damu.

Dawa za kufunga fosforasi nimpe lini?

Pamoja na chakula, zikiwa zimechanganywa humo. Zinakamata fosforasi ndani ya utumbo, kwa hiyo zikitolewa tumbo likiwa tupu hazina kazi. Daktari huziongeza pale lishe peke yake isipofikisha lengo.

Nitajuaje kwamba chakula kinamfaa?

Mpime uzito kila wiki kwa mzani uleule na uandike. Pitisha vidole juu ya uti wa mgongo na nyuma ya mapaja: mfupa ukianza kuonekana ukali wake ilhali tumbo bado lina mafuta, anapoteza misuli, na huenda protini imebanwa kupita kiasi. Damu ipimwe wiki nne hadi nane baada ya kubadili lishe, ikihusisha kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha figo zinafanyaje kazi), fosforasi, kalsiamu na potasiamu, na baadaye kila miezi mitatu hadi sita kadiri daktari atakavyoona. Akilegea shingo hadi kichwa kikainama, mpeleke siku hiyohiyo. Mara nyingi ni potasiamu iliyoshuka, na hurekebishika vizuri ikiwahiwa.