Ipeleke Tabora saa nane mchana

Mpwa wangu akishakusanya vijisenti, jioni yake lazima aje. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Hata hajakaa, ameshatoa flashi mfukoni: ana ndege mpya ya nyongeza, ya kuweka kwenye simuleta, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, na anataka nione skrubu. Na kweli, skrubu za dashibodi zimekwaruzwa kama za fundi mwenye haraka, ngozi ya kiti imechanika kidogo upande wa rubani, kioo kina vumbi. "Umeona mjomba? Hii ni kali."

Nimeona. Ila mimi nimeshika spana za ndege ndogo miaka mingi kabla sijarudi kukaa hapa Isevya, Tabora, na sijawahi kuona ndege inayopaa kwa skrubu. Swali langu huwa lile lile: umeipeleka Tabora saa nane mchana?

Nieleze. Uwanja wetu uko takriban futi 3,870 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni ya hewa ya kawaida, usawa wa bahari una nyuzi 15, na kila futi 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 2. Kwa hiyo kwa mwinuko wetu, hewa "ya kitabuni" ingekuwa na nyuzi 7. Sasa nani amewahi kuona nyuzi 7 Tabora mchana wa Oktoba? Tuseme ni 33, kabla mvua hazijaanza. Tofauti ni nyuzi 26. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao injini na bawa vinauhisi. Piga hesabu: 26 mara 120 ni zaidi ya futi 3,100. Jumlisha na zile 3,870, unafika futi 7,000. Magurudumu yapo kwenye lami ya Tabora, lakini ndege inadhani iko mlimani.

Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Hapo zaidi ya moja ya tano imeshaondoka kabla hujaachia breki. Propela nayo inashika hewa nyepesi, bawa vilevile. Chukua Cessna 172S, ndege ambayo kila simuleta inayo kwa namna fulani. Ikiwa na uzito wake wa mwisho, kilo 1,157, kwenye usawa wa bahari hupanda futi 730 kwa dakika. Kikomo chake cha huduma ni futi 14,000, ambako hubakiwa na futi 100 tu kwa dakika. Chora mstari kati ya namba hizo mbili, soma katikati. Utapata futi 400 na ushee. Hiyo ndiyo ndege halisi ya Tabora mchana: inajikokota, miembe inakusogelea, na unaanza kujutia begi la tatu.

Basi kipimo changu ndicho hicho. Zima upepo, weka joto, na usiamini kitelezi cha menyu. Soma kipimajoto cha ndege yenyewe, maana menyu nyingine huhesabu joto la usawa wa bahari. Jaza matangi, pakia watu mpaka kikomo. Paa. Soma kipimo cha kupanda.

Ile ya skrubu nzuri ilipanda futi 700. Siitaji jina, na aliyeitengeneza simjui. Nilimwambia mpwa wangu arudie, labda nimekosea uzito. Akarudia. 700. Ile ndege iko Dar es Salaam, ufukweni, asubuhi ya Julai. Imebandikwa tu picha ya Tabora chini yake.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo linalotenga mtengenezaji anayejua injini na mchoraji. Ule mkono mwekundu wa miksha, unaopima mafuta yanayochanganywa na hewa. Simulizi nyingi za wanaoanza ni kwamba unausukuma wote mbele unapopaa, basi. Ufukweni ni sawa. Hapa, hewa ni haba, mafuta yanayoingia ni yale yale, na injini inashiba kupita kiasi: inatetemeka, plagi zinaanza kushika masizi, nguvu inapungua tena juu ya ile uliyokwisha kupoteza. Kitabu cha 172S kinasema ukiwa juu ya futi 3,000 upunguze mafuta kabla ya kupaa. Unakanyaga breki, unasukuma moto wote, yaani mkono wa nguvu za injini mpaka mwisho, halafu unavuta mkono mwekundu taratibu, kidogo kidogo, macho kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Mshale unapanda. Unavuta tena, unapanda. Unavuta tena, sasa unashuka. Umepitiliza, rudisha kidogo. Hapo kwenye kilele ndipo unapoachia breki.

Kwenye ndege mbovu ya nyongeza, unavuta mkono ule na hakuna kinachotokea mpaka injini inazima ghafla, kama swichi ya taa. Kwenye nzuri, utasikia sauti ikibadilika kabla mshale haujasogea. Nikisikia hivyo, mimi huwa nacheka peke yangu, mke wangu anadhani naangalia vichekesho.

Katika nilizozijaribu, iliyonikamata zaidi ni Comanche 250 ya watengenezaji A2A Simulations. Ndege yenyewe ni Piper ya mwishoni mwa miaka ya 1950, bawa chini, magurudumu ya kukunja, injini ya Lycoming O-540 yenye nguvu za farasi 250. Kilichonipendeza ni kwamba ina kumbukumbu. Injini uliyoitesa jana ndiyo utakayoikuta leo, na usipotazama oili kabla ya kuwasha, huna wa kumlaumu. Kwa mara ya kwanza nilijikuta naizunguka ndege ya kwenye skrini kama nilivyokuwa nazunguka za kweli, nachungulia, natikisa. Upande wa bei usiniulize. Nyingine inakaribia gunia la mahindi.

Nikiwa kwenye mambo ya joto: watu wanasahau kutua. Hewa nyepesi haionekani kwenye kipimo cha mwendo. Ukija Tabora mchana kwa noti 65 (noti ni maili ya anga kwa saa) kwenye kipimo hicho, bila upepo, ardhi inapita chini yako kwa noti kama 72. Rubani wa skrini anadhani simuleta imemwonea, anavuta pua juu mapema, anaelea nusu ya uwanja. Simuleta haijamwonea.

Na Tabora haikuanza jana kuwajaribu watu wa ndege. Januari 24, 1920 ndege ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Brooklands, Uingereza, kwenda hadi kusini mwa Afrika. Ilivuka Misri, ikavuka Sudan, ikashuka huku kwetu. Februari 27 ikaangukia hapa hapa Tabora, safari ikaishia hapo.

Safari ninayoipenda ni kwenda Kigoma kwa kufuata reli. Ni kama maili 190 za anga, na huhitaji ramani: Urambo, Kaliua, Nguruka, halafu Malagarasi na madimbwi yake, Uvinza, kisha ziwa linafunguka mbele kama shuka. Mwezi uliopita nilimpa mpwa wangu Warrior II ya watengenezaji Just Flight, Piper yenye farasi 160, nikamwekea hali ya masika: nyuzi 22, mawingu, unyevu wa kutosha. Baada ya Uvinza akaanza kushuka, akarudisha moto nyuma kama alivyozoea. Dakika chache baadaye mizunguko ikaanza kupungua yenyewe.

"Mjomba, mafuta yameisha?"

Tangi lilikuwa zaidi ya nusu. Nikamwambia ni barafu. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Barafu, Kigoma? Ndiyo. Ndani ya kabureta, pale hewa na petroli vinapochanganywa, hewa inapita kwenye koo jembamba, shinikizo linashuka, petroli inageuka mvuke na kunyonya joto. Nyuzi 22 za nje zinaweza kuwa chini ya sifuri mle ndani. Ukiwa umerudisha moto, kile kibao cha kuziba hewa kimekaribia kufunga, na barafu inajenga palepale. Akavuta mkono wa joto la kabureta. Injini ikakohoa vibaya, ikazidi kudhoofika, yeye akataka kuurudisha upesi. Nikamshika mkono. Inayeyuka hiyo, inakunywa maji, isubiri. Sekunde kadhaa, mshale ukapanda. Kigoma, futi 2,700 hivi, akatua kwa kishindo lakini akatua.

Upande wa programu zenyewe sitaki ugomvi wa mashabiki. X-Plane ya Austin Meyer hukatakata bawa na propela vipande vipande na kukokotoa nguvu za kila kipande mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana hata ile Cessna yake ya bure ilifaulu kipimo cha saa nane. Microsoft Flight Simulator ina mandhari ambayo hujaona, ila inavuta picha za ardhi kwenye intaneti unaporuka, na kwa bando letu, ukifika Kaliua unakuta miti imekuwa mabaka ya kijani. Mimi huruka X-Plane siku za kawaida, ile nyingine nikipata bando la usiku.

Mpwa wangu ameifuta ile ya skrubu juzi, bila mimi kumwambia. Alikuwa anahitaji nafasi kwenye diski. Ila dashibodi yake alipiga picha kwanza, ndiyo iliyoko kwenye simu yake sasa, na kila nikiiona nakubali: skrubu zile zilikuwa nzuri kweli.