Barua Moja, Uwanja Mmoja: Michezo ya Kila Mkazi wa Kampala

Kila Julai inapokaribia, ofisi yetu, inayogawa zamu za viwanja, hupokea malalamiko ya aina mbili: "mazoezi yenu yanatuamsha" na "tumefukuzwa uwanjani". Siku ya Taifa ya Mazoezi ilizinduliwa 2018. Watu hujitokeza, huvaa fulana, hupigwa picha, kisha hutulia mpaka Julai nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, si kwa mwaka.

Tukiwahimiza watu wafanye mazoezi kila wiki, jibu tunalopewa ni lilelile: "Tujengeeni kwanza uwanja kama Namboole," yaani uwanja wa taifa. Namboole yenyewe haimo hata ndani ya mipaka ya jiji! AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Tanzania, itatupa mechi za kutazama. Mama wa Bwaise anataka mahali pa kurukia kamba, karibu na jiko lake.

Nilikwenda kukagua kiwanja kimoja Makindye. Goli moja lilikuwa limeanikwa nguo, kona moja ina magari mabovu, na katikati wasichana wanacheza netiboli kwa ringi ya baiskeli iliyochomelewa kwenye bomba. Mama mmoja mwenye gomesi, vazi la heshima la wanawake wa kwetu, alikuwa akiwatazama. "Ssebo (bwana), nina miaka 52. Nikikimbia watasema nimerukwa na akili." Nikamwomba arushe mpira mara moja tu. Alirusha kumi na moja, na wasichana wakaanza kumdai mpira wao.

Sasa utaratibu wa kuomba zamu ya uwanja, maana hapo ndipo tunapogombana. Tuandikie barua ya ukurasa mmoja: jina la kikundi, siku, saa, idadi ya watu, na simu ya msimamizi. Nakala mpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wako. Idadi tunaiuliza kwa sababu watu 30 na watu 300 hawaharibu nyasi sawasawa. Barua hailipiwi, akikudai mtu pesa, mwombe risiti uone atakavyokimbia. Kikundi kikiacha chupa na maganda, kinaonywa. Kikirudia, kinapoteza zamu. Kikiuza zamu yake kwa wengine, kinafutwa daftarini, na aliyetia saini ndiye tunayemwita, si "vijana fulani".

Spika ni kesi nyingine. Kwa kanuni za kelele, usiku unahesabiwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa hushuka. Erobiki ya saa 11 alfajiri iendeshwe kwa makofi. Hatupingi mazoezi, ndugu zangu. Jirani yako ametoka zamu ya usiku.

Zamu za Jumapili asubuhi zimejaa. Jumanne na Alhamisi jioni ziko wazi, na mpaka leo hakuna kikundi hata kimoja cha wazee kilicholeta barua.