Je, wajua kwa nini mshale wa kompyuta hupotea kwenye kioo kizuri?

Mtu ananunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika ng'ambo, katika duka moja la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kioo chake ni cha 4K, yaani chenye nukta nyingi sana za picha, na picha zinapendeza kweli. Kesho yake anafungua programu yake ya zamani ya kuchora ramani za viwanja, anakuta vitufe vimekuwa vidogo hata havisomeki. Mshale wa kipanya ndio shida zaidi: ukisogezwa unapotea, mpaka utikiswe huku na huku ndipo jicho liudake. Fundi wa jirani anaitwa, anashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazojenga picha, hadi 1366 kwa 768, kila kitu kinakuwa kikubwa, anachukua chake na kuondoka.

Kuanzia hapo mwenye mashine anasoma maandishi yenye ukungu kwenye kioo alichokilipia kwa sababu ya ukali wake. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimeona walimu na wanafunzi wakiumiza macho hivyo kwa miezi, ilhali tatizo lina chanzo kinachoeleweka na marekebisho yake hayagharimu hata shilingi.

Chanzo ni namna kompyuta inavyopima. Haipimi kwa milimita, inapima kwa pikseli, zile nukta za mwanga zinazojenga picha. Mshale wa kawaida wa Windows umechorwa ndani ya mraba wa pikseli 32 kwa 32, na wenyewe una kimo cha pikseli 19 hivi. Hakuna mahali palipoandikwa uwe na urefu gani kwa rula. Ni sawa na kumwambia fundi ujenzi wa Iringa ainue ukuta wa kozi kumi bila kumtajia tofali: akitumia bloku ukuta utampita mtu kimo, akitumia tofali za kuchoma utaishia kiunoni. Kozi ni kumi zile zile.

Nazo pikseli zimekuwa zikipungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na kioo cha inchi 9 chenye pikseli 512 kwa 342, yaani 72 katika kila inchi. Mshale wake ulikaa kwenye mraba wa pikseli 16 kwa 16, kama milimita 5 na nusu kila upande. Microsoft nao wakashika pikseli 96 kwa inchi, na mpaka leo hicho ndicho kipimo ambacho Windows inakiita asilimia 100. Kwa kipimo hicho mshale wa pikseli 19 una kimo cha milimita 5, nao unaonekana bila taabu.

Mwaka 2001 IBM walitoa kioo kilichoitwa T220, cha inchi 22 na pikseli 3840 kwa 2400, zaidi ya 200 kwa inchi. Kilikuwa cha wachache. Watu wengi waliuona ukali wa namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2010, iPhone 4 ilipotoka na pikseli 326 kwa inchi, kisha mwaka 2012 kwenye MacBook Pro yenye 220. Siku hizi kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye kioo cha 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Hizo ni pikseli 8,294,400, mara nne ya kioo cha Full HD (1920 kwa 1080), na kila inchi moja inabeba kama 315. Ule mshale wa pikseli 19 ukiwekwa hapo bila kukuzwa unabaki na kimo cha milimita moja na nusu. Hakuna jicho la kulaumiwa.

Watengenezaji waliliona hilo wakaleta kukuza kwa asilimia, kile ambacho kwenye mipangilio kinaitwa Scale. Ukichagua asilimia 200, kitu kilichokuwa kinachorwa kwa pikseli moja sasa kinachorwa kwa nne, mbili kwenda kulia na mbili kushuka. Herufi hazivutwi kama mpira. Zinachorwa upya kutokana na umbo lake, kwa hiyo zinakuwa kubwa na bado zina makali. Hapo ndipo raha ya kioo cha namna hii ilipo, na ndiyo inayopotea fundi anaposhusha rezolusheni.

Ila kukuza kunataka programu nazo zishiriki, na programu hazifanani. Zipo za zamani kabisa ambazo hazijui kwamba kuna kipimo kingine zaidi ya 96. Windows huziacha zichore kwa udogo wao, kisha inaivuta picha yao iwe kubwa, nazo zinatoka na ukungu. Zipo zinazouliza kipimo mara moja tu, wakati unapoingia kwenye akaunti yako, halafu haziulizi tena. Na zipo za kisasa, ambazo kila zikihamishiwa kioo kingine hujirekebisha. Uwezo huo ulianza na Windows 8.1 mwaka 2013 na ukaimarishwa kwenye Windows 10 mwaka 2017. Kundi baya kuliko yote ni la nne: programu inayoiambia Windows kwamba inajua kujikuza yenyewe, kumbe haijui. Hiyo ndiyo inayoleta vitufe visivyosomeka. Programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java ziliteseka hivyo kwenye Windows mpaka toleo la 9 la mwaka 2017.

Mshale nao una habari yake peke yake, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: maandishi yameshakuwa makubwa, mbona mshale umebaki mdogo? Mara nyingi mshale hauchorwi pamoja na vitu vingine. Kadi ya picha, kifaa cha ndani kinachochora vya kwenye kioo, huuweka juu ya kila kitu kama tabaka la pekee, ili ukisogeza kipanya isilazimike kuchora upya kioo kizima. Umewahi kuona programu imeganda kabisa lakini mshale unaendelea kutembea? Sababu ni hiyo. Mpango huo ni mzuri sana kwa kasi, lakini tabaka lile hupokea picha iliyokwisha tengenezwa, na kwenye kadi nyingi za zamani halizidi pikseli 64 kwa 64. Tena picha za mishale huhifadhiwa kwa saizi chache zilizopangwa tangu mwanzo. Saizi kubwa ikikosekana, unapewa ndogo. Zaidi ya hapo, programu za kuchora na kuhariri picha huja na mishale yake zenyewe, ile ya msalaba na ile ya duara, na mingine ilitengenezwa enzi za pikseli 96.

Kwa hiyo tuanze na Windows, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi. Kwanza rudisha rezolusheni kwenye ile iliyoandikwa Recommended. Kisha ingia Settings, System, Display, uongeze Scale: kwa inchi 14 ya 4K anza na 250. Kama rezolusheni sahihi haimo hata kwenye orodha, huenda mashine ilipigwa Windows upya na aliyeipiga hakuweka dreva ya kadi ya picha, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Iweke hiyo kabla ya kugusa kingine. Na kama aliyepiga aliweka Windows 7 kwa sababu ni nyepesi, nashauri ibadilishwe, kwa maana ile haikutengenezwa kwa vioo hivi.

Mshale unarekebishwa pengine: Settings, Accessibility, Mouse pointer and touch. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo iko chini ya Ease of Access. Utakuta kitelezi chenye hatua 1 hadi 15, na rangi za kuchagua. Hatua ya 2 au ya 3 inawatosha wengi. Usidharau rangi: mshale mweupe juu ya jedwali jeupe la hesabu hupotea hata ukiwa mkubwa, ule mweusi au wa rangi kali hauna shida hiyo. Kwenye mipangilio ya kipanya ipo pia alama ya kuwasha inayofanya duara litokee kuzunguka mshale kila ukibonyeza CTRL. Wenye Mac wao wakitikisa kipanya haraka mshale hukua kwa muda, tangu mwaka 2015.

Programu moja ikibaki ndogo peke yake, bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, Compatibility, kisha Change high DPI settings, uweke tiki kwenye Override. Ukichagua Application, programu inaachiwa ijichore, na ile isiyojua kujikuza itatoka kali lakini ndogo. Ukichagua System, Windows inaikuza kwa nguvu: itasomeka, ingawa kwa ukungu kidogo. System Enhanced hujaribu kukuza na kulinda makali ya herufi, na kwa programu za zamani mara nyingine matokeo yake ni mazuri sana. Jaribu hiyo kwanza. Funga programu na uifungue tena ndipo mabadiliko yaonekane.

Shida nyingine inayojirudia ni ya projekta. Mtoa mada kwenye semina ya walimu Iringa anachomeka mashine yake ya 4K, projekta ya ukumbi ni ya kizamani, na dirisha likihamia ukutani linakuwa kubwa kupita ukuta au lina ukungu. Ni zile programu zilizouliza kipimo mara moja tu. Chomeka projekta kwanza, iteue kuwa kioo kikuu, toka kwenye akaunti na uingie upya. Dakika mbili hizo zifanyike kabla watu hawajakaa.

Wanaotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na kwenye vyuo kama MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga si ajabu kukutana nao, hukuta kituko kingine: mshale unabadilika ukubwa ukivuka kutoka dirisha moja kwenda jingine. Chini ya Wayland, utaratibu wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye kioo, kila programu ilikuwa ikileta picha yake ya mshale, na hazikukubaliana saizi. Mwaka 2023 uliongezwa utaratibu unaoiruhusu programu kutaja tu umbo inalotaka, na mfumo ukachora. Programu zisizouzingatia bado zinasumbua. Kwenye GNOME, moja ya sura za kazi za Linux, ukubwa wa mshale uko chini ya Accessibility. Kwa programu za zamani, weka mpangilio wa XCURSOR_SIZE uwe 48 badala ya 24 ya kawaida.

Nirudi kwenye kushusha rezolusheni, kwa sababu mafundi hunibishia kwamba kunafanya kazi. Pikseli za kioo hazihami. Ukidai 1366 kwenye kioo chenye 1920, kila pikseli inatakiwa ienee kwenye pikseli moja na nne ya kumi, jambo lisilowezekana, basi rangi zinachanganywa mpakani na herufi inafifia kingo. Kutoka 3840 kwenda 1920 hesabu inagawanyika sawasawa, lakini hata hapo kadi nyingi hulainisha picha zisipoamriwa vingine. Mahali pekee ninapokubali kushusha ni kwenye programu moja ya lazima iliyogoma njia zote za juu, tena kwa muda wa kuitumia tu.

Na kwa anayekwenda kununua: mtu mwenye macho mazima, akikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, huacha kuzitofautisha pikseli zikifika kama 146 kwa inchi. Full HD ya inchi 14 ina 157. Kama kazi ni barua, hesabu na intaneti, hiyo inatosha, inataka kukuzwa asilimia 125 au 150 tu, na betri yake hudumu zaidi.