Msiniandikie tena "imani potofu" kwenye rufaa

Wiki hii imekuja nyingine. Karatasi ya rufaa, mwandiko mzuri, mgonjwa ni binti wa miaka 16 aliyeungua mkono na shingo baada ya kuangukia mafiga. Kwenye historia wameandika: "Kifafa. Amechelewa tiba kutokana na imani potofu za familia." Basi, hakuna kingine.

Nikamwomba mama yake kadi ya kliniki. Akaitoa kwenye fundo la kitenge, safi kabisa. Mihuri ya zahanati inafuatana mwezi kwa mwezi, halafu inakatika. "Kulikoni, mama?" Akasema: "Tuliambiwa dawa hakuna, turudi mwezi ujao. Tukarudi, hakuna. Safari iliyofuata sikuwa na nauli." Kwa mganga walikwenda baada ya hapo. Siyo kabla. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isijulikane, lakini mpangilio wa matukio ndio huo, na nimeshauona kwa wengi.)

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma, na kama ilivyo sehemu nyingi za nchi hii, kliniki ya kifafa iko mikononi mwetu. Naandika kwa sababu nimechoka kusoma sentensi ile ile. Inamhukumu mtu ambaye hakuulizwa, na inatuficha sisi.

Yale ya haraka niyamalize. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo inayojirudia. Degedege la homa lililompata mtoto mara moja si kifafa. Povu ni mate tu yaliyochanganyika na hewa, halimwambukizi anayeligusa. Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbizeni hospitali. Haya yako kwenye mabango na nayaunga mkono yote.

Ila bango hilo hilo linasema "kifafa hakiambukizi" na kuishia hapo, wakati jambo lenyewe haliishii hapo. Miongoni mwa visababishi vya kifafa, mahali ambapo nguruwe huzurura na vyoo ni vichache, yumo tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo. Watu wengi, wakiwemo wahudumu wenzangu, wanadhani mla kitimoto ndiye anayepata minyoo ya ubongo. Nyama isiyoiva inakupa tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha binadamu, na yakiingia kinywani mwa mtu mwingine, kwa mkono usionawiwa, kwa mboga au kwa maji, ndiyo yanayozaa vifuko vinavyokwenda kukaa kwenye ubongo. Kwa hiyo mzee wa Ujiji ambaye hajawahi kuonja nguruwe tangu azaliwe anaweza kupata kifafa cha namna hii, kupitia mikono ya aliyempikia. Nikianza kuuliza habari za nguruwe kwenye nyumba ya Waislamu, wanaona nimewatukana dini. Nikiwaambia wanawe mikono, kijana mmoja lazima ataniuliza: "Sasa si ulisema hakiambukizi?" Ana haki ya kuuliza. Kifafa chenyewe hakihami kwa mate wala kwa kumgusa mtu; baadhi ya visababishi vyake vinahama kwa njia zao. Sentensi hii ni ndefu mno kwa bango, lakini sijapata kumwona mtu aliyeshindwa kuielewa alipoelezwa taratibu.

Sasa hizo "imani".

Anayeandika "imani potofu" anadhani mama huyu ana maelezo ya uchawi kichwani mahali ambapo yangepaswa kukaa maelezo ya ubongo, na kwamba tukimpa ya ubongo, yale mengine yataondoka. Sivyo watu wanavyofikiri. Mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliishi na Wazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini katika miaka ya 1920. Aliwakuta wakizungumzia ghala la nafaka lililoangukia watu waliokuwa wamepumzika kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa: kwa nini lianguke saa ile ile, juu ya watu wale wale? Hapo ndipo uchawi ulipoingia. Mchwa hawakukanushwa.

Mama wa binti yule wa rufaa anajua habari za ubongo. Aliniambia mwenyewe kwamba mtoto alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, jambo ambalo mimi ningeliandika kama kisababishi kinachowezekana. Halafu akaendelea: "Watoto wote nimezaa mahali pamoja, mbona huyu peke yake? Na mbona kilianza mwezi ule tuliogombana na shemeji juu ya shamba?" Huyu si mjinga. Anauliza ambalo mzazi yeyote angeuliza, awe wa Buhigwe au wa Oslo. Na sisi tuna jibu gani? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa karibu nusu ya wagonjwa wa kifafa duniani chanzo hakijulikani. Mara nyingi jibu letu la kweli ni "hatujui". Mganga anajibu kwa jina. Tena anakaa naye tangu jua linazama, anauliza nani anaishi nyumbani, nani amekufa, nani ana deni na nani. Anapokea malipo kidogo kidogo. Yuko kijiji kile kile. Mimi, siku ya kliniki, foleni ikiwa nje hadi kwenye mwembe, nampa mgonjwa dakika chache na kadi.

Sitaki mtu asome hapa kwamba nawasifia waganga. Nimepokea watoto waliochanjwa chale zikaoza, waliofukizwa moshi hadi kifua kikawa kibovu, vijana waliofungwa kamba kwenye mti. Na kuna neno moja la baadhi ya waganga linaloua kuliko chale: "Ukimeza dawa za hospitali, yangu haitafanya kazi." Fenobabitoni, dawa ya kifafa tunayoitoa, ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na wengine hawazinduki tena. Kwangu mimi ugomvi uko hapo tu, kwenye kidonge cha kila siku. Kwa hiyo nawaambia wazazi: nendeni mnakoona roho zenu zitatulia, kidonge kisikose. Kuna wenzangu wanaosema nabariki ushirikina. Nimewasikia. Lakini niliyemwambia "achana na mganga" mara nyingi aliachana na mimi.

Kuna mpaka, na hapa nasimama bila kuyumba. Imani inayosema "ni mizimu ya ukoo" na imani inayosema "ni yule bibi wa nyumba ya tatu" haziko sawa. Mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa tunajua yaliyowapata vikongwe wenye macho mekundu, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni wa maisha mazima jikoni. Ugonjwa wa mtoto mmoja unaweza kumuua mtu mwingine mwenye afya yake. Kwa sababu hiyo kila familia naiuliza, kwa upole lakini waziwazi: kuna mtu ametajwa? Likitoka jina, sikai nalo. Nampigia afisa ustawi wa jamii na mtendaji siku hiyo hiyo. Kinachoniumiza ni kwamba nikiwa nimezoea kuheshimu wanachoamini, sina hakika kila mara kwamba nimesikia mapema kiasi cha kutosha. Watu hawataji jina siku ya kwanza.

Mfano mwingine wa "imani" tunayoidharau ni mwezi. Wagonjwa wengi hapa watakwambia kifafa kinakuja na mwezi, hasa mwezi unapokuwa mchanga. Nilifundishwa kuandika hilo na kulipuuza. Mpaka nilipoanza kuwasikiliza vijana wa Kibirizi na Katonga wanaovua dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na mitumbwi inapumzika. Maana yake kijana huyu ana majuma ya kukesha na majuma ya kulala, na kalenda yake ni mwezi. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kifafa. Ongeza na hili: fenobabitoni huandikwa imezwe usiku kwa kuwa inaleta usingizi. Nani atakayemeza dawa ya usingizi akiwa anakwenda ziwani? Anairuka. Ndiyo, kinakuja na mwezi! Kijana alikuwa ananiambia ukweli wa maisha yake, na mimi nilikuwa nasikia hadithi za kale.

Dawa yenyewe tunahamishia asubuhi, anaimeza akirudi nchi kavu kabla ya kulala. Lililo gumu ni kumwambia asiende majini kabisa, kwa sababu mtu akianguka mtumbwini usiku hakuna wa kumlaza ubavu. Hilo namwambia kila mvuvi. Wananijibu, "Sasa nile nini, dada?" Vitabu vinaandika "epuka kazi za hatari" na kufunga ukurasa. Sijapata jibu zuri kuliko kumwomba abaki kwenye kazi za mwaloni, kuanika na kupakia, ambako malipo ni madogo.

Nirudi kwa aliyeandika rufaa, maana simchukii. Mtaalamu kijana akipangiwa kazi Kigoma, ndugu zake wanamwambia: mwisho wa reli, huko kuna uchawi, jihadhari. Anapanda treni na mizigo na hilo neno. Akifika, kila anachokiona kinalithibitisha. Mgonjwa mwenye hirizi ni mshirikina. Mgonjwa wa Dar es Salaam aliyetoka kuombewa kanisani akamwaga vidonge, huyo kwake ni mcha Mungu aliyeteleza. Kimatibabu ni tukio lile lile: dawa imekatwa.

Na si kwa kifafa tu. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha ufukweni ambako meli ya Liemba ilikwenda kuwachukua, kipindupindu kililipuka. Mpaka leo nasikia mjini kwamba kipindupindu "kililetwa na Warundi". Mwambao huu ulikuwa ukipata kipindupindu kabla yao. Kagunga palikuwa na maelfu ya watu, vyoo vichache na maji ya ziwa. Ungeweka watu wa taifa lolote pale, wangeharisha. Ila ugonjwa ukishapewa kabila au uraia, hakuna anayeuliza tena habari za vyoo. Ni sawasawa na rufaa yangu: ukishaandika imani, hakuna anayeuliza habari za dawa.

Habari za dawa basi. Fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912. Ni ya bei ndogo kuliko karibu zote za aina yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kwenye nchi maskini, robo tatu hawapati tiba wanayohitaji. Hizo robo tatu haziwezi zote kuwa kwa waganga. Wengi wako kwenye mstari wa zahanati wakiambiwa warudi mwezi ujao.

Mwisho, shaka moja ninayoishi nayo. Si kila anayeanguka ana kifafa. Kuna wanaoanguka kwa sababu mwili umebeba jambo ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Nyumbani wataita majini, na sisi tutaandika lugha yetu. Binti anaanguka shuleni tu, hajing'ati ulimi, macho ameyafumba, anatikisika kwa muda mrefu na kuamka bila uchovu. Hapo fenobabitoni haina kazi. Lakini wapo pia wenye vyote viwili. Kipimo cha umeme wa ubongo hakipo hapa, na hata kingekuwepo, kikitoka safi hakiondoi kifafa. Ninachotegemea ni maelezo ya aliyeshuhudia, na siku hizi video ya simu, ambayo naiomba kila familia inirekodie. Kwa hawa nimewahi kumsikia mganga akiuliza swali sahihi, nani anamtesa huyu mtoto nyumbani, wakati sisi bado tunapandisha dozi.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Kwenye rufaa niandikieni alianguka lini mara ya kwanza, ilikuwaje, nani aliona. Niandikieni dozi, na tarehe ya mwisho aliyopewa dawa. Niandikieni kama alilala usiku uliotangulia, anafanya kazi gani, na kama kuna mtu ametajwa. Kama amepitia kwa mganga, andika alipewa nini na aliambiwa aache nini. Na kama tarehe ya mwisho ya dawa haionekani kwenye kadi, pigeni simu kwenye zahanati iliyokuwa ikimhudumia, muulize walikuwa na dawa au hawakuwa nayo, kabla hamjamgeukia mama kumwuliza habari za mganga.