Blogu ya Darasa na Msomaji wa Pili wa Insha

Insha ya shule zetu ina msomaji mmoja. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya huambiwa mapema kwamba karatasi ya Insha ya KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, itamdai insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20 na isiyopungua maneno 400, na kwamba atakayezisoma ni mtahini aliyeshika mwongozo wa kusahihishia. Basi hujifunza kumwandikia mtahini huyo: hufungua kwa methali, hutia tashbihi mbili tatu alizozikariri, kisha huhitimisha hata pale ambapo hapakuwa na hoja ya kuhitimishwa. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na siku hizi huwafunza walimu wenzangu namna ya kufundisha uandishi. Ninaitetea blogu ya darasa kwa sababu moja kuu, nayo ni kwamba humpa mwanafunzi msomaji asiyetoa alama, anayeweza kumuuliza alimaanisha nini katika sentensi fulani, na ambaye swali lake humrudisha mwandishi kwenye rasimu.

Blogu nyingi za shule hufa kabla ya muhula kwisha, na mara nyingi chanzo ni agizo la "andikeni chochote mnachopenda". Mtoto aliyeambiwa aandike chochote hukosa pa kuanzia. Tazama alivyofanya Martha Payne, mwanafunzi wa shule ya msingi huko Argyll, Uskoti, ambaye mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka tisa, alianzisha kwa msaada wa baba yake blogu iitwayo NeverSeconds. Alipiga picha chakula cha mchana cha shuleni, akakipa alama kati ya 10, akahesabu ni matonge mangapi yalikimaliza, akataja bei, na hata akaandika kama alikuta unywele sahanini. Mada ilikuwa ndogo, vigezo vilikuwa vilevile kila siku, na ndani ya mipaka hiyo aliweza kutazama na kupima. Watoto wa nchi nyingine wakaanza kumtumia picha za vyakula vyao. Mwezi Juni halmashauri ya eneo hilo ilimpiga marufuku kupiga picha, watu wakapaza sauti, na siku iliyofuata marufuku ikaondolewa. Wakati huo alikuwa akichangisha fedha kwa ajili ya shirika la Mary's Meals, ambalo hulisha watoto shuleni. Michango ikapita pauni 100,000, na sehemu yake ikajenga jiko la shule nchini Malawi.

Huwa nawaambia walimu wasivutiwe mno na umaarufu ule, maana hautarudiwa na hauhitajiki. Cha kuiga ni ule udogo wa mada. Darasa linaweza kufuatilia mvua na shamba la shule kwa muhula mzima, au bei ya nyanya katika soko la karibu, au maneno ambayo wazee wa mtaa huyatumia na vijana hawayajui, ilmuradi kila chapisho lijibu maswali yaleyale machache.

Somo lenyewe, kwa maoni yangu, limo katika majibu ambayo mwandishi hupewa na wanafunzi wenzake, na hapa ndipo mwalimu anapopaswa kutumia muda wake mwingi. Kabla ya mtu yeyote kuchapisha, ninapendekeza darasa lifanye mazoezi ya kutoa maoni kwenye karatasi: chagua sentensi moja ya mwenzako, inukuu, kisha uliza swali moja ambalo jibu lake halimo katika maandishi. "Hongera, kazi safi" haikubaliki katika majuma ya mwanzo, kwa kuwa haimwachii mwandishi la kufanya. Mwandishi naye hujibu kwa kurekebisha chapisho lenyewe. Swali la Sheng, ile lugha ya vijana wa mijini inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, huzuka hapo hapo, na walimu hugawanyika. Mimi huiacha Sheng ipite katika maoni iwapo imebeba wazo, huku chapisho likibaki katika Kiswahili sanifu, kwa sababu kubeba wazo kutoka mazungumzoni hadi kwenye maandishi sanifu ni zoezi ambalo vitabu vya kiada hulitoa kwa nadra.

Programu ya kuendeshea blogu ya WordPress, ambayo haina malipo, inafaa kwa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, mwanafunzi anaweza kupewa nafasi ya mchangiaji, yaani anaandika na kuwasilisha, lakini hawezi kupakia picha, na chapisho lake halitoki mpaka mhariri aliidhinishe. Pili, programu huhifadhi matoleo ya awali ya kila chapisho, na mwalimu anaweza kuyaweka mawili sambamba akaona kilichofutwa na kilichoongezwa. Hapo ndipo mimi ningetoa alama: katika tofauti iliyopo kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho.

Huulizwa kila mara kuhusu intaneti. Programu hiyo hiyo inaweza kusakinishwa kwenye kompyuta moja na kusomwa na nyingine zote za maabara kupitia mtandao wa ndani, bila kununua bando hata kidogo. Katika shule za bweni ambako simu haziruhusiwi, wanafunzi huandika daftarini, kisha huchapa kwa zamu. Blogu ya ndani ina wasomaji wa kutosha, maana darasa la wanafunzi 50 ni hadhira kubwa kuliko mtahini mmoja.

Kuifungua kwa umma ni uamuzi mwingine kabisa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kwa upande wa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kupata leseni, ambayo pamoja na ada zake iligharimu zaidi ya shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zimebadilishwa baadaye, kwa hiyo mwalimu wa huko aulize kwanza TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Popote alipo, atumie majina ya kalamu, aache picha za sura, na apate idhini ya mzazi kwa maandishi, kisha mwisho wa mwaka ampe kila mwanafunzi nakala ya maandishi yake na kufuta yale ambayo mwenyewe ataomba yafutwe.