Kompyuta ya kwanta: anzia kwenye alama ya kutoa

Vijana waliomaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Arusha wakiniuliza waanzie wapi kujifunza kompyuta ya kwanta, kwanza nawaomba waachane na ile kauli kwamba mashine hii hujaribu majibu yote kwa mpigo. Imesambaa mno, na inapoteza watu. Kama ingekuwa hivyo tu, ungepima ukapata jibu moja la kubahatisha, basi. Nguvu yake iko kwenye alama ya kutoa.

Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, hubeba namba mbili ziitwazo amplitudo, moja ya 0 na nyingine ya 1. Zidisha amplitudo yenyewe kwa yenyewe, unapata uwezekano wa kuliona jibu hilo ukipima (ikiwa ni namba changamano, tumia ukubwa wake). Uwezekano hauwi hasi. Amplitudo huwa.

Chukua karatasi. Kyubiti iliyo 0 ipitishe kwenye geti (hatua inayobadilisha amplitudo) ya Hadamard: amplitudo zote mbili zinakuwa 0.707 hivi. Ukipima hapo ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Usipime. Ipitishe tena kwenye geti ileile, ambayo ikipokea 1 hutoa 0.707 na −0.707. Njia mbili za kufikia 0 zinaleta 0.5 na 0.5, jumla 1. Za kufikia 1 zinaleta 0.5 na −0.5, zinafutana. Jibu ni 0, kila mara. Shilingi hairudishi uhakika hata uirushe mara ngapi. Aliyeikokotoa hesabu hii kwa mkono wake, kwangu mimi, ameshaingia kwenye somo.

Algoriti ya Peter Shor ya 1994, inayochambua namba kubwa kuwa vigawo vyake tasa, inategemea mfutano huohuo: majibu mabaya yafutane, mazuri yaongezeke. Ya Lov Grover ya 1996 hutafuta kitu kimoja kati ya 1,000,000 visivyopangwa kwa hatua 785 hivi. Kwa njia ya kawaida ungekagua kama 500,000 kwa wastani. Kikwazo ni kwamba mashine za sasa bado zinakosea sana.

Maabara huhitaji. Kompyuta mpakato yenye Python (lugha ya programu) na Qiskit, zana ya bure ya kuandikia programu za kwanta, inaiga kyubiti 20 bila shida: amplitudo 1,048,576, kama megabaiti 16. Kyubiti 30 zinataka gigabaiti 16, maana kila unayoiongeza inafanya mzigo kuwa maradufu. Vekta na namba changamano ulizosoma Advanced utazitumia kila siku. Ukishaizoea Hadamard, ongeza kyubiti ya pili iliyo 0 na geti ya CNOT, inayogeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1; ya kwanza ipitishe Hadamard mara moja, kisha CNOT, halafu upime zote mbili: utapata 00 au 11, kamwe si 01 wala 10.